Mistari ya Penseli kwenye Ukuta wa Bi Zuhura

Siku aliyozikwa Bi Zuhura nilifanya jambo la aibu. Wanaume walikuwa wamekwenda makaburini, na sisi wanawake tulijaa chumbani mwake, mikekani, wengine wakisoma Yasini na wengine, kama mimi, wakikaa kimya kwa heshima. Mimi Mkristo wa Bura, huko milimani Taita, mtandio nimeazima. Nikawa najisogeza kidogo kidogo, makalio yakifuata mkeka, mpaka nikaifikia pembe iliyo mkabala na mlango, nikajifanya naegemea kupumzisha mgongo, kisha nikapeleka mkono nyuma nikaupapasa ukuta. Ulikuwa mkavu. Nikashuka chini zaidi, hadi pale paipu ya maji inapoingia kutoka nje karibu na sakafu, nikapapasa tena, na tena. Mwanaidi, mpwa wa marehemu, akaniona. Akaninong'oneza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hereni. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba, sikuwa hata nimevaa hereni siku ile.

Naupapasa kila ukuta ninaousogelea, na wanangu wamechoka kunisema. Nikialikwa chakula kwa mtu, kabla sijauliza hali ya watoto macho yangu yameshazunguka dari na pembe, yakitafuta lile doa la rangi ya chai. Watu hudhani ni kazi iliyonizoesha, kwa kuwa nimekuwa fundi wa maji mjini Voi karibu maisha yangu yote. Si kazi. Ni hofu, na hofu hiyo nina tarehe yake ya kuzaliwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimepanga chumba kimoja kwa Bi Zuhura na mumewe Mzee Omari, na nilikuwa nauza katika duka la vifaa vya ujenzi. Nilizijua soketi, elbo na nipo, vile viungio vya paipu, zote kwa majina na kwa saizi, ningeweza kukuchukulia gizani, lakini sikuwahi kuona hata moja ikiwa na maji ndani. Nilikuwa muuza viatu anayetembea pekupeku.

Nyumba ile ni ya zamani, ya wale watu wa pwani waliofika Voi na reli. Kuta zake ni mawe na udongo, juu yake chokaa, nene kiasi kwamba mtu angeweza kulala dirishani. Mlango unafungukia sebule, kushoto chumba cha wenyewe, na nyuma ya chumba hicho, tukitenganishwa na ukuta mmoja, chumba changu. Kutoka kwa wenyewe ulishuka vidato vitatu vya mawe mpaka uani, palipokuwa na jiko, choo, na mndimu mmoja. Paipu kuukuu ya chuma iliingia kutoka barabarani ndani ya chumba chao, ikafuata mguu wa ule ukuta wetu, ikatokea uani kwenye mfereji. Mfereji huo haukufungwa kamwe. Maji yalikuwa ya mgao, siku mbili kwa wiki zikiwa nyingi, kwa hiyo tuliuacha wazi na sufuria chini yake, ili maji yakija sufuria ilie na watu wakimbie na ndoo. Voi nzima iliishi hivyo, sikio moja likiwa uani.

Asubuhi niliamshwa na makubadhi ya Mzee Omari. Alikuwa akitoka chumbani mwao na beseni mikononi, anashuka vile vidato taratibu kama aliyebeba mayai, anaenda kuumwagia mndimu. Mchana akiwepo nyumbani pia, na jua likizama pia. Mimi nikifua hapo uani nilikuwa nacheka moyoni. Nilidhani mzee anaupenda mti wake kupita kiasi. Sikujiuliza hata mara moja yale maji alikuwa anayatoa wapi, na hapo ndipo uzembe wangu ulipoanzia.

Alifariki mwezi wa sita, ghafla, baada ya kula. Bi Zuhura akaingia eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane wa Kiislamu hukaa ndani ya nyumba ya marehemu mumewe, hajipambi, hajitii manukato, wala haonwi na mwanamume wa kando. Mwanaidi alikuwa akija asubuhi na chakula, akimsaidia kushuka uani mara moja au mbili, kajifunika kanga gubigubi kwa sababu ya mafundi waliokuwa wakijenga ghorofa la jirani, kisha akikimbilia kichanga chake nyumbani. Jioni mimi nilimpelekea chai. Nikipika kimanga, ule mseto wetu wa Kitaita wa maharage na mihogo, nilimtilia kwenye kibakuli, na yeye alikula akisema chakula cha watu wa milimani kinashibisha mpaka wiki ijayo. Alikuwa mcheshi kabla ya msiba, na hata ndani ya msiba ucheshi ulimponyoka kidogo kidogo. Kitu kilichobadilika ni harufu. Nyumba ile ilikuwa siku zote inanukia udi. Sasa udi ulikatazwa, na baada ya wiki tatu hivi niliporudi kutoka kazini nilikutana na harufu nyingine, ya udongo uliolowa, kama ya shambani mvua inapoanza. Lakini tulikuwa kiangazi kikavu, tone halijadondoka tangu mwezi wa tano.

Doa lilijitokeza upande wangu, nyuma ya kitanda, pale pale inapopita paipu. Mwanzo lilikuwa na ukubwa wa kisahani. Wiki iliyofuata likawa sahani, kisha sinia. Likaota unga mweupe kama chumvi, chokaa ikawa inavimba na kudondoka kwenye shuka langu. Nikasogeza kitanda, chumba kikaisha. Juu ya ukuta ule ndipo ilipokalia boriti kubwa ya paa, na upande wa pili wa ukuta, futi mbili kutoka kwenye doa, ndipo alipolaza kichwa Bi Zuhura. Nilifikiria hayo dukani, nikampa misumari ya mabati mteja aliyetaka ya mbao. Nilikuwa nikiondoka asubuhi natazama nyuma kuona kama paa limeinama.

Shemeji yake, Bwana Athumani, alikuwa akija kutoka Mombasa kila baada ya wiki tatu. Kwa kuwa ni shemeji, naye hakuruhusiwa kumwona. Alikaa sebuleni kwenye kiti, pazia la mlango limeshushwa, wakazungumza hivyo, mmoja huku na mmoja kule. Mimi chumbani mwangu nilisikia yote. Alipoletwa kuliona doa langu alilitia kidole, kidole kikaingia. Akarudi sebuleni.

"Shemeji," akasema, "ukuta ule unakufa."

"Haujafa."

"Utakuangukia."

"Ukiniangukia utanikuta nyumbani kwa mume wangu. Eda nimeianza humu, n'taimaliza humu."

"Kukiwa na dharura mtu huruhusiwa kuhama. Nimemuuliza sheikh."

"Dharura ni moto, Athumani. Haya ni maji."

Nikasikia Bwana Athumani anapenga kamasi, na sauti yake ilipotoka tena haikuwa ya mtu mkubwa. "Kaka alinishika mkono akaniambia nikuangalie. Nikikuacha ufukiwe na udongo n'tamwambia nini?" Nilimhurumia, na nilimwogopa, kwa sababu alikuwa mtu mwema na watu wema ndio huwezi kuwakatalia. Kwa Bi Zuhura kuhamishwa katikati ya eda kungekuwa kumwacha mumewe njiani. Hakuwa na mtoto wa kumfanyia mume huyo chochote; alikuwa na hizi siku mia na kitu tu za kumpa, na sasa ukuta ulikuwa unataka kumnyang'anya.

Siku iliyofuata Bwana Athumani akamleta Fundi Mwakio, ambaye nilimjua kutoka dukani. Mtaita mfupi, mkavu, penseli sikioni, mtu wa maneno ya kuhesabu. Alichuchumaa barabarani kwenye mita, akaigonga paipu kwa mpini wa spana, akatega sikio. Akagonga tena. Alikaa hapo muda mrefu mpaka Bwana Athumani akakohoa. Mwishowe akainuka akijipangusa magoti.

"Lazima mtu aingie ndani," akasema.

"Mwanamume haingii humo."

"Sijasema mwanamume." Akanionyesha kwa kidevu, mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Huyu wa dukani anajua vitu."

Nilitaka kusema sijui chochote. Bwana Athumani akanitazama kama mtu anayeangalia daraja bovu ambalo hana budi kulipita. Akatoa muda wake: atarudi baada ya wiki tatu, na ukuta ukiwa bado mbichi, ataondoka na shemeji yake siku hiyo hiyo, Mungu atamsamehe.

Nikaingia Jumapili baada ya kanisa, na tindo, nyundo na spana ya paipu iliyonizidi uzito. Bi Zuhura alikaa kitandani akinipa mgongo, tasbihi mkononi. Fundi Mwakio alichuchumaa nje barabarani, mdomo wake ameusogeza kwenye tundu la ukutani inapoingilia paipu, na kila alichosema kilitufikia sisi wote wawili.

"Bomoa chokaa yote iliyovimba. Chimba kuzunguka paipu mpaka uione soketi."

Nikachimba. Nikaiona. Nikaifungua, nikazungusha katani na rangi za kuziba maungio kama alivyonielekeza, nikaanza kukaza.

"Usikaze kwa hasira!" akapaza sauti. "Paipu ni nzee!"

"Mwambie fundi asipige kelele," akasema Bi Zuhura bila kugeuka. "Mimi niko msibani."

"Fundi, Mama anasema usipige kelele."

"Mwambie nimesikia. Mwambie pole kwa msiba."

"Mama, anasema pole."

"Imefika," akasema Bi Zuhura, na nikaona mabega yake yakitikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Tulipomaliza nikauliza kama nizibe lile shimo kwa simenti. Fundi akasema hapana, simenti juu ya ukuta wa udongo inafungia maji ndani, liache wazi tuone. Nikaliacha, shimo la kina cha mkono, pembeni mwa chumba, paipu inapita katikati yake. Nilinawa, nikajitazama viganja vilivyochubuka, nikajiona mtu. Siku hiyo nililala bila kuangalia boriti.

Kila asubuhi nilipiga mstari wa penseli upande wangu wa ukuta, pale doa lilipoishia, na kando ya mstari nikaandika tarehe na hali ya mfereji: *maji yapo*, au *hayapo*. Mtu wa duka huandika kila kitu. Nilitarajia mistari iwe inashuka. Ikapanda. Siku tatu baada ya kazi yangu doa lilikuwa limepita goti, na lilikuwa likipanda haraka kuliko kabla sijaligusa. Nikajua nimeharibu. Nimekaza kwa hasira, nimepasua paipu nzee, na mwanamke wa watu atafukiwa kwa mkono wangu. Halafu maji ya mji yakakatika kabisa, siku tisa mfululizo. Paipu kubwa ilikuwa imepasuka huko mbali, watu wakasema. Sufuria ya uani ikanyamaza, mikokoteni ya mitungi ikatawala barabara. Nikashukuru Mungu kwa shida ile ya mji mzima, nikasema sasa ukuta utakauka. Asubuhi ya kwanza nikaandika *hayapo*, na mstari umepanda. Ya pili, *hayapo*, umepanda. Ya tano, ya sita. Paipu haina tone, na ukuta unakunywa.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilianza kuuogopa ukuta kama unavyomwogopa mtu. Mteja mmoja dukani, mama wa makamo, nilipomsimulia bila kutaja jina la nyumba, alishusha sauti akaniambia nyumba inamlilia mwenyewe. Mimi nimelelewa karibu na misheni, nikasema hayo ni ya kishenzi, nikanunua mshumaa nikauweka chini ya mto. Chakula kikanishinda. Sikumwambia Fundi Mwakio, maana angenicheka, au mbaya zaidi, asingenicheka. Zilikuwa zimebaki siku kumi Bwana Athumani arudi.

Jumatano moja mwenye duka alipata wageni akafunga mapema. Nilifika nyumbani saa tisa na nusu, saa ambayo hakuna aliyezoea mimi kuwepo, nikajitupa kitandani na viatu. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Nikasikia upande wa pili birika likiguswa, maji yakimiminwa kidogo, yakikatika, yakimiminwa tena. Anaosha viganja, anasukutua, anaosha uso. Nilikuwa nimekaa na Waislamu vya kutosha kuujua udhu kwa masikio. Kikapita kimya. Kisha beseni likakwaruza sakafu, likivutwa, likija upande wangu, likasimama pembeni. Halafu nikasikia maji yakiteremka, gulu, gulu, gulu, taratibu, ndani ya shimo nililolichimba mimi. Baada ya kitambo, chini ya ukuta wangu, kwenye lile doa, tone likachomoza likateremka hadi sakafuni. Nikaligusa kwa kidole.

Nikamwona Mzee Omari akishuka vidato vitatu na beseni mikononi. Mara ngapi nilimwona! Magoti ya mkewe hayakuweza vile vidato mara tano kwa siku, na mkewe, kama nilivyokuja kuelewa, hakutaka maji ya udhu yamwagwe chooni wala mahali pa kukanyagwa. Basi mume akawa anayabeba, miaka yote ile, akiyapeleka mtini, na hakuna mtu aliyeambiwa kwa sababu halikuwa jambo la kuambiwa mtu. Alipofariki, beseni likabaki. Mwanaidi ana kichanga. Mimi mpangaji, tena Mkristo. Na zaidi ya hayo, naamini, kumtuma mtu mwingine beseni lile kungekuwa kukiri kwamba aliyekuwa akilibeba hatarudi. Pembeni mwa chumba palikuwa na ufa kando ya paipu, unaingia ardhini. Akamwaga humo. Kisha nikaja mimi na tindo langu nikaupanua. Kama alijua anachokifanyia ukuta sijui. Nadhani alijua nusu, na ile nusu nyingine hakuitaka. Nililia pale kitandani, uso nimeufunika na mto ili asinisikie, kwa ajili ya mzee niliyekuwa nikimcheka.

Sasa nifanyeje? Nikimwambia Bwana Athumani, ukuta umepona siku hiyo hiyo, na Bi Zuhura ameaibika mpaka Mombasa. Wangesema kwa upole, na upole ndio ungemuua: masikini, amezeeka, anamwaga maji ndani, hawezi kuachwa peke yake. Wangemchukua vile vile. Nikimwambia mwenyewe, ningemtazamaje usoni? Nilikesha na swali hilo, na alfajiri, nilipomsikia amemaliza kuswali, nikaenda nikasimama nje ya pazia lake.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema?"

"Mama, mndimu wa Mzee unakauka. Majani yameanza kuwa manjano." Hilo lilikuwa kweli. "Na mjini hakuna maji, mtungi ni wa kugombania. Nimefikiria, yale maji yako ya udhu, kama hutajali, niwe naupa mti. Hayatakanyagwa. Nitayamwaga pale pale shinani."

Nilisikia shanga za tasbihi zikipita moja moja. Nikaanza kuomba radhi, na hapo pindo la pazia likainuka kidogo na beseni likasukumwa nje, taratibu, kwa mikono miwili. Nilipoinama kulishika, mikono yake ilikuwa bado haijaliachia.

"Yeye alikuwa akishuka kwa mguu wa kulia," akasema. "Kile kidato cha pili kinacheza."

Nikashuka kwa mguu wa kulia. Nilibeba asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi. Ya mchana aliyaweka kwenye ndoo yenye kifuniko, akinisubiri. Kuhusu ukuta hatukusema neno, si siku ile wala baadaye. Nilifungua dirisha langu kutwa, na upepo wa Voi, ule tunaoulaani kwa vumbi, ukaanza kazi. Lakini ukuta wa unene ule haukauki kwa siku tisa. Ulipauka juu, mistari yangu ya penseli ikabaki peke yake kwenye chokaa kavu, ila chini, kimo cha shubiri moja, ulibaki na rangi ya chai. Nilikuwa nikiupepea kwa kifuniko cha sufuria kama mwendawazimu.

Bwana Athumani akaja, na Fundi Mwakio nyuma yake. Begi la safari la Bi Zuhura alikuwa amelileta kabisa, jipya, la kahawia. Akaweka kiganja chini ya ukuta.

"Bado pana baridi," akasema.

Nikaona ameshaamua. Nikafungua mdomo na uongo ukatoka mzima mzima: ilikuwa ni soketi, ilikuwa inatoa kidogo kidogo kwa nyuma, nimeikaza tena, imekoma. Fundi Mwakio hakunitazama. Alikuwa anatazama ukuta. Na hapo ndipo nilipokumbuka maandishi yangu. Kando ya kila mstari, kwa mkono wangu mzuri wa dukani: *hayapo, hayapo, hayapo*, na mistari inapanda. Hata mtoto angesoma kwamba paipu haikuhusika. Nikarudi nyuma nikaegemea, mgongo wangu juu ya maneno. Fundi hakuwa na miwani siku ile, huenda hasomi kwa mbali, na hilo ndilo tumaini nililolishika.

"Mstari wa juu uko hapa," Fundi akamwambia Bwana Athumani, akinyoosha mkono juu ya bega langu. "Leo doa liko kule chini. Maji yamekoma. Ukuta wa udongo ni kama mgonjwa, haupigi mbio siku ya kwanza. Msichana ameikaza."

Bwana Athumani alikaa kwenye kitanda changu. Akafuta uso na leso. Kisha akaenda sebuleni akasema kwenye pazia, "Basi maliza eda yako, shemeji," na begi akarudi nalo tupu. Siku Bi Zuhura alipotoka eda, mwezi wa kumi, Mwanaidi alifukiza udi mpaka macho yakatuwasha. Bi Zuhura alishuka vile vidato amenishika bega, akaenda mpaka mtini, akachuma jani akalifikicha akalinusa. Beseni niliendelea kulibeba mpaka nilipohama, miaka miwili baadaye, nikamwachia kazi binti mkubwa wa Mwanaidi. Na mwezi ule ule wa kumi Fundi Mwakio alikuja dukani akaniuliza kama nataka kujifunza kazi. Sikulala kwa furaha, na sikulala kwa woga. Kila paipu aliyonifundisha nilijua amenichagua kwa kazi ambayo sikuifanya. Nimebeba hilo miaka thelathini na minane, nimefundisha wengine, nimepewa heshima, na kila nilipokutana na Fundi nilijiandaa aseme kuwa anajua.

Siku ya mazishi nilimkuta nje, kwenye viti vya wanaume, amerudi makaburini. Amepita themanini, fimbo mkononi, miwani minene. Nikamkalisha pembeni, nikamletea chai, na sijui ni msiba au ni uzee, nikamwambia. Nikamwambia yote, udhu, shimo, uongo. Alikunywa chai mpaka ikaisha.

"Paipu ile ilikuwa nzima," akasema. "Niliigonga siku ya kwanza. Paipu yenye ufa haitoi sauti ile."

"Ulijua?"

"Nilijua maji si yangu, si ya paipu. Ya nani, sikujua. Ni ya ndani, na ndani kuna mjane, na shemeji yake amesimama juu ya kichwa changu. Ningeuliza nini mimi mwanamume? Nikasema aingie msichana, atajua."

"Na yale maandishi?"

"Wakesho, nilikuwa na macho ya mwewe siku hizo. Uliegemea *hayapo* tatu ukaacha sita." Akacheka bila sauti, meno yamebaki machache. "Nikasema, huyu anaweza kuingia nyumba za watu."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikijificha kwa mtu aliyekwisha kuniona. Alinipa kikombe nikishike, akaweka uzito wake kwenye fimbo, akainuka.

"Kitu kimoja tu sikuwahi kujua," akasema. "Ulikuwa unayapeleka wapi?"

Nikampeleka. Alikuwa hajawahi kukanyaga ua ule maisha yake yote. Wanawake waliokuwa wakiosha sufuria wakampisha njia, na mimi nikamwonya kuhusu kidato cha pili. Mndimu sasa umepita paa, shina lake nene kuliko mkono wa mwanamume, na ndimu zimejaa mpaka matawi yameinama. Fundi Mwakio aliutazama kwanza toka juu mpaka chini. Kisha akasogea, akaligonga shina kwa kifundo cha kidole, akaegesha sikio lake zee kwenye gamba, akasikiliza muda mrefu kama alivyokuwa akisikiliza siku ile barabarani.

"Ni huu," akasema.